Yupi umpige, yupi umwache apite: kuchagua dume la kulungu huku Marekani

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa bunduki huku Pennsylvania, saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka, umekaa juu ya dungu miguu imekufa ganzi, ghafla majani makavu yanalia nyuma yako na unageuka taratibu unaona pembe. Pembe tu. Moyo unapiga mpaka unausikia masikioni, na una sekunde kama kumi za kuamua, na leseni yako inakuruhusu dume mmoja kwa mwaka mzima. Mmoja tu. Ukimpiga huyu basi mpaka mwakani, hata kama nusu saa baadaye atapita baba lao.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu zetu Waswahili walioanza kuwinda huku, Wabongo, Wakenya, Wakongo wa Lancaster na Erie na kwingineko, sababu kozi ya usalama tunapita wote na kulenga tunafundishwa lakini hakuna anayekaa na wewe akakuonyesha namna ya kuchagua. Na ndugu zetu wa Kenya ndo kabisa, kwao uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo hata babu wa kumuuliza wengi hawana. Mi mwenyewe nimetokea kwenye ng'ombe, si kwenye kuwinda, baba alikuwa mnunuzi mnadani, na kama utakavyoona huko mbele ng'ombe ndo walinifundisha kulungu.

Pembe za huku si kama za kwetu

Tuwekane sawa kwanza kwenye jina. Tunamwita kulungu lakini siye yule kulungu wa vichakani kwetu mwenye michirizi na madoa. Huyu ni mnyama mwingine, mkia wake mweupe kwa chini, akishtuka anauinua kama kitambaa na hapo ujue ameshaenda. Tofauti kubwa iko kwenye pembe. Swala pala, tandala, nyati, pembe yake ni ya maisha, inakua naye mpaka anakufa, kwa hiyo mtu wa kwetu amezoea kwamba pembe kubwa maana yake mnyama mzee. Huku haiko hivyo. Hawa pembe zinadondoka kila mwaka, kuanzia kama Januari mpaka Machi hivi, alafu kwenye Aprili zinaanza kuota upya zimevishwa ngozi laini yenye vinyweleo, mwanzoni mwa Septemba anajisugua kwenye miti ile ngozi inatoka inabaki mfupa mtupu. Pembe yote unayoiona Novemba ni kazi ya miezi minne mitano.

Ukubwa wake mwaka huo unatokana na umri, chakula alichokula na damu aliyorithi, vyote vitatu vimechanganyika na huwezi kuvitenganisha kwa macho. Dume wa miaka 2 na nusu anayejilia mahindi na soya ya mkulima anaweza kubeba pembe nzuri kuliko mkubwa wake wa miaka 4 na nusu anayeishi msitu wa mlimani kwa kutafuna vichipukizi. Ndo maana nasema pembe ni shahidi wa kumsikiliza mwisho. Shahidi wa kwanza ni mwili.

Na hiyo "na nusu" utaisikia kila mahali, usishangae. Wanazaliwa mwishoni mwa Mei na Juni, sisi tunawawinda Oktoba mpaka Desemba, kwa hiyo kila mmoja siku ya msimu ana miaka kadhaa na nusu.

Amua ukiwa bado nyumbani

Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kupanda juu ya mti bila kujua anataka nini, anangoja moyo umwambie, na moyo ukiona pembe unasema piga. Kaa chini wiki moja kabla, jiulize kwa ukweli unawinda kwa ajili gani. Kama shida yako ni nyama kwenye friza, chukua leseni ya jike, inatolewa peke yake, na huo ndo msaada mkubwa kwa msitu vilevile, sababu idadi ya kulungu inapunguzwa kwa kuvuna majike, dume mmoja anapanda majike wengi kwa hiyo ukiua madume tu mwakani ndama ni walewale. Ukishakuwa na nyama ya jike, presha ya dume inashuka, unaweza kukaa na kuchagua kwa utulivu. Huu ndo ushauri ambao ningepewa mwaka wa kwanza ningeshukuru sana.

Alafu jiulize unawinda wapi. Kama ni ardhi ya umma ambayo kila mtu ana ruhusa, siku ya kwanza vesti za rangi ya machungwa zimejaa kila bonde, usijiwekee kwamba unataka dume wa miaka 5 na nusu tu, wale ni wachache mno na wanaishi mahali ambapo miguu ya watu haifiki. Hapo dume wa miaka 2 na nusu ni mnyama wa heshima na wa miaka 3 na nusu ni wa kupigia picha na kutuma nyumbani. Kama unawinda shamba la mtu, muulize mwenye shamba, na muulize kwa adabu kabla ya msimu. Yule mzee anayenipa ruhusa kwenye mahindi yake anataka majike yapungue na madume wadogo waachwe wakue, basi hiyo ndo sheria yangu pale, sijadili, ni kwake.

Na kama hujawahi kuua hata mmoja, au unampeleka mtoto mara ya kwanza, sikiliza, dume yeyote halali anatosha. Usimnyime mtoto furaha yake kwa viwango vya mtu mwingine. Hata sheria ya Pennsylvania inawalegezea vijana masharti ya pembe.

Ukishajua, andika sentensi moja kwenye simu. Yangu ya mwaka jana ilikuwa hivi: dume wa miaka 3 na nusu kwenda juu, ikifika wiki ya mwisho wa miaka 2 na nusu anaruhusiwa, wa mwaka na nusu hapana. Nikiwa juu ya dungu mikono inatetemeka naisoma ile sentensi.

Sheria inachagua kabla yako

Kabla ya ladha yako kuna sheria, na kila jimbo lina yake, usichukue ya kwa shemeji yako Ohio ukaileta huku. Pennsylvania tangu 2002 wana masharti ya pembe. Kabla ya hapo madume wengi waliokuwa wanauawa walikuwa wa mwaka na nusu, watoto, na mtaalamu wa kulungu wa jimbo wakati ule, Gary Alt, mtu aliyejulikana zaidi kwa mambo ya dubu, alizunguka jimbo zima anawaelezea wawindaji kwa nini lazima wale wadogo waachwe, na watu walikasirika sana. Siku hizi wengi wanaouawa wana miaka 2 na nusu kwenda juu. Mi nikiona picha za zamani na za sasa naona yule bwana alikuwa sahihi.

Kwa vitendo iko hivi. Sehemu kubwa ya jimbo dume awe na ncha 3 upande mmoja wa pembe, na ncha ihesabike lazima iwe na urefu wa inchi 1 au zaidi. Ule mwisho wa pembe yenyewe nao ni ncha. Magharibi kuna maeneo ambapo ncha ya kwenye paji, ile fupi inayoota karibu na jicho, haihesabiki, unatakiwa uwe na 3 bila hiyo. Sasa kwenye ukungu na vichaka ile ya paji ndo ngumu kuliko zote kuiona, kwa hiyo mi nimejiwekea njia yangu: siitafuti kabisa. Natafuta ncha mbili zilizosimama katikati ya pembe, nikiziona hizo mbili na mwisho wa pembe nimepata 3, huyo ni halali jimbo zima sina haja ya kujiuliza. Nikiona moja tu imesimama, kama manati, basi namwacha mpaka nione vizuri zaidi.

Texas wao wanapima upana. Kwenye kaunti nyingi dume mwenye pembe zenye matawi lazima nafasi ya ndani kati ya pembe mbili iwe inchi 13 au zaidi, na wanakufundisha kulinganisha na masikio, akiwa amesimamisha masikio kusikiliza, pembe zikitoka nje ya ncha za masikio unajua yuko sawa. Hata kama jimbo lako halipimi upana, masikio ni rula nzuri sana, jifunze kuyatumia.

Ukikosea ukaua asiye halali, usimfukie kwenye majani ukakimbia. Piga simu mwenyewe kwa askari wa wanyamapori, bwana nyama wa huku, papo hapo. Kujisalimisha na kukamatwa ni vitu viwili tofauti kabisa, na sisi tulio wageni kwenye nchi ya watu hatuna sababu ya kuchezea rekodi zetu.

Mwangalie kama ng'ombe wa mnadani

Hapa ndo penyewe, hapa nitakaa sana.

Baba alikuwa akifika mnadani haangalii pembe za ng'ombe. Anazunguka nyuma, anaangalia miguu, tumbo, mgongo, shingo, alafu mwisho anafungua mdomo anahesabu meno. Kulungu huwezi kumfungua mdomo akiwa hai lakini hayo mengine yote unayaona kwa darubini toka mita 80. Tumia darubini lakini, usitumie skopu ya bunduki kuchungulia, ukichungulia kwa skopu ina maana umeshaelekeza bunduki kwa kitu usichokijua, inaweza kuwa mtu.

Zoea kuziba pembe kwa mawazo. Jiulize, huyu kama asingekuwa na pembe ningesema nini? Kama jibu ni "ningesema jike", huyo ni wa mwaka na nusu. Shingo nyembamba imekutana na kifua juu kabisa, miguu mirefu kama imeazimwa, mgongo umenyooka, tumbo limebana kwenda juu kama mbwa wa mbio, uso mrefu. Ni jike lenye pembe. Pembe zake mara nyingi ni ndogo lakini kwenye chakula kizuri anaweza kuwa na ncha 6 au hata 8 nyembamba kama penseli, na hawa wenye ncha 8 ndo wanaotudanganya.

Wa miaka 2 na nusu ni kijana wa kidato cha nne. Mabega yameanza kutoka, shingo imeanza kujaa Novemba, lakini kiuno bado chembamba na miguu bado inaonekana mirefu kuliko mwili. Ukiangalia unahisi kama kuna kitu hakijakamilika. Kwa ng'ombe tungesema njeku.

Wa miaka 3 na nusu huyu sasa ni mwanariadha. Shingo imevimba, kifua kimeshuka chini kuliko kiuno, lakini bado unaona mstari kati ya shingo na bega, havijaungana. Tumbo halijashuka. Anapendeza kuliko wote kwa kweli, ndo anayechorwa kwenye kalenda, na kwa wengi wetu huyu ndo wa kupiga.

Kuanzia miaka 4 na nusu unaona fahali. Shingo imeingia mabegani moja kwa moja hujui inaishia wapi, kiuno kimeshuka kiko sawa na kifua, miguu inaonekana mifupi kwa sababu mwili umejaza nafasi. Wa miaka 5 na nusu kwenda juu anaongeza tumbo la kuning'inia, mgongo unabonyea, ngozi ya chini ya kidevu imelegea, uso mfupi mpana. Hapo ndo kilele cha pembe pia, miaka 5 mpaka 7 hivi, baadaye zinaweza kuanza kurudi nyuma.

Kuna vitu vinavyochafua hesabu. Shingo inavimba kwa ajili ya kupandana, huku kwetu kilele ni katikati ya Novemba, kwa hiyo dume yuleyule ukimuona mwanzoni mwa Oktoba unampa mwaka pungufu. Na Desemba akishamaliza kukimbizana na majike amekonda vibaya mno, anaweza kupoteza hata robo ya uzito wake, tena anaonekana kijana. Akikujia uso kwa uso pia usihukumu, kila dume akikutazama usoni ni mkubwa. Ngoja ageuke ubavu, ubavu hausemi uongo.

Angalia na miguu ya nyuma kwa ndani, pale kwenye kiungo, kuna tezi yenye manyoya. Madume wanajikojolea pale wakati wa kupandana na kwa mkubwa panakuwa peusi, weusi unachuruzika mpaka chini kwenye kwato. Kwa kijana panakuwa na rangi ya kahawia tu. Sikuambii uamue kwa hicho peke yake ila kikiungana na shingo na tumbo kinakupa uhakika.

Na tabia. Vijana wanatangulia, wanakuja mbio, wanafukuza kila jike, wanatoka uwanjani mchana kweupe. Mkubwa anasimama ndani ya mstari wa miti, anazunguka apate upepo, anatoa kichwa anakirudisha. Mara nyingi kijana anapita na wewe unakurupuka, kumbe mzee yuko mita 50 nyuma yake ananusa.

Yule wa mwaka wa pili

Mwaka wangu wa pili jioni moja, giza linaanza kuingia, alitokea dume ukingoni mwa mahindi. Nilihesabu ncha 4 upande mmoja, nyeupe zinang'aa. Sikuangalia kitu kingine chochote. Sikuangalia shingo, sikuangalia tumbo, nilipiga na nilimpiga vizuri, alikimbia kama hatua sitini akaanguka. Nilipofika na tochi nilisimama pale muda mrefu. Pembe ile niliyoona kama matawi ya mwembe iliingia yote kwenye kiganja. Mwili ulikuwa mdogo kuliko jike niliyepiga mwaka uliopita. Halali alikuwa, tena halali kabisa, lakini alikuwa mtoto.

Buchani kesho yake yule bwana anayechuna aliuliza kama najua umri wake, nikasema labda miaka mitatu. Hakunicheka. Alichana shavu akanionyesha taya la chini, jino la tatu la magego kuhesabu toka mbele, akaweka ncha ya kisu pale. Lile jino lilikuwa na vipande vitatu. Akanieleza, hilo ni jino la utoto, likidondoka linaota la vipande viwili, na linadondoka akiwa na kama mwaka na nusu. Huyu bado alikuwa nalo. Nilimkumbuka baba amepiga goti mnadani ameshika mdomo wa ng'ombe, na nikajiuliza mwaka mzima nimekuwa nikitazama nini, mimi mtoto wa mnunuzi wa ng'ombe.

Nyama yake tulikula yote na ilikuwa laini, sisemi ilipotea. Ila toka siku ile pembe naziangalia mwisho.

"Huyu ana pembe mbaya tumtoe"

Utasikia sana hii, hasa kwenye kambi, kwamba dume mwenye pembe moja moja kama mshale au zilizopinda apigwe ili asirithishe. Inaonekana ina akili lakini porini haifanyi kazi. Texas ya kusini walijaribu kwenye ranchi kubwa kwa miaka, wakawa wanaondoa wenye pembe duni kwa wingi, na pembe za waliobaki hazikuboreka. Sababu zipo wazi ukifikiri kama mfugaji: nusu ya damu inatoka kwa mama na mama hana pembe hujui amebeba nini. Pili mwenye pembe za mshale akiwa na mwaka na nusu pengine alizaliwa mwishoni mwa msimu au mama hakuwa na maziwa, mpe miaka miwili anakushangaza. Tatu vijana wengi wakifika mwaka na nusu wanahama kabisa mahali walipozaliwa, kwa hiyo hata ukichuja bondeni kwako, mwakani wanakuja wageni. Ukitaka kumpiga mwenye pembe mbaya kwa sababu unataka nyama na ni halali, mpige kwa roho safi, lakini usijiambie unatengeneza mbegu.

Kwenye suala la umri hata kwetu Tanzania wameliona, simba dume wa kuwindwa anatakiwa awe na miaka 6 au zaidi, wanaangalia mtu mzima aliyeshamaliza kazi ya kulea kizazi. Wazo ni lilelile.

Fikiria sufuria pia

Hili mabwana wa pembe hawalizungumzii sana. Dume mkubwa aliyeshinda Novemba nzima anapigana na kukimbiza majike, nyama yake ni ngumu. Si mbaya, ila usitegemee mishkaki ya dakika kumi. Huyo ni wa kusaga kima, supu, au kuchemsha taratibu na tangawizi na vitunguu saumu mpaka ajisalimishe. Wa miaka 2 na nusu wa Oktoba aliyenenepa kwa mahindi huyo mishkaki, huyo pilau. Kwa wote wawili toa mafuta meupe yote, mafuta ya kulungu si kama ya mbuzi, yanaganda kwenye ulimi kama nta. Na zile tezi za miguu ya nyuma usizishike alafu ukashika nyama, ile harufu ya "nyama pori" watu wanayolalamikia mara nyingi ni mikono ya mchunaji.

Uzito nao ni sehemu ya kuchagua. Dume mkubwa hata ukishatoa matumbo anaweza kuwa kilo 70, na kama umeshuka bonde refu peke yako saa kumi jioni, mwenzako yuko zamu ya usiku kazini, utamtoaje? Oktoba mchana joto linafika nyuzi 20 nyama haingoji. Mi kuna dume nimemwacha kwa sababu hiyo tu, alikuwa ng'ambo ya kijito, maji yamejaa, na nilikuwa peke yangu.

Alafu afya. Kuna ugonjwa wa kulungu wa kudhoofika, uligundulika kwanza Colorado mwaka 1967 na Pennsylvania umefika 2012, unaharibu ubongo na hauna tiba. Ukiona aliyekonda mifupa, anadondosha mate, anayumba, masikio yamelala na hakuogopi, usimpige ukampeleka jikoni, toa taarifa. Lakini wengi wenye ugonjwa wanaonekana wazima kabisa, kwa hiyo kama uko kwenye maeneo yaliyotangazwa peleka kichwa kikapimwe, kuna masanduku yamewekwa kwa kazi hiyo na huku Pennsylvania ni bure, na usile mpaka majibu yatoke. Hakuna mtu aliyethibitika kuupata kwa kula nyama, lakini ushauri wa madaktari ni kwamba aliyekutwa nao asiliwe, nami watoto wangu siwalishi kwa kubahatisha.

Zile sekunde kumi

Basi amekuja. Darubini kwanza. Tumbo, kiuno, shingo, miguu, kwa mpangilio huo, kila siku uleule mpaka iwe kama kusoma Fatiha, hufikirii. Kama mwili umepita ndo unahesabu ncha. Kama ncha zimepita, weka darubini chini na usiangalie tena pembe, wengi wanakosa shabaha kwa sababu jicho limebaki kwenye pembe na risasi inafuata jicho. Angalia nyuma ya bega, theluthi ya chini. Awe ubavu au amegeuka kidogo kutazama mbali nawe. Nyuma yake kuwe na udongo, si upeo wa mlima, si nyumba ya mtu. Waislamu, bismillah kabla ya kuvuta, na ukimkuta bado ana uhai umchinje.

Kama kitu kimoja hakijakaa sawa, mwache. Kama umejiuliza mara tatu kama ana miaka 3 na nusu au 2 na nusu, mchukulie ni mdogo, sababu wakubwa kweli hawaachi maswali, ukimuona fahali unajua.

Akianguka jaza tegi, ile karatasi inayokuja na leseni, na uifunge sikioni mwake kabla hujamsogeza hata hatua moja, hiyo ni sheria. Alafu fungua mdomo wake na kijiti, piga tochi kwenye magego ya chini, piga picha ya karibu, na andika umri uliokadiria ukiwa juu ya dungu pamoja na umri unaosomeka kwenye meno. Kama hapelekwi kupimwa chukua na taya lenyewe, lichemshe, likauke, liandike mwaka kwa maka peni. Mi ninayo sita kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, ya kwanza ni lile lenye jino la vipande vitatu. Kila Oktoba kabla ya msimu nayatoa nayapanga mezani toka dogo mpaka kubwa, na kijana wangu wa miaka kumi na moja anafunga macho anayapapasa kwa kidole anasema huyu mdogo, huyu mdogo, huyu baba.